Video za Umma Zifunguke Hata Sumbawanga

SUMBAWANGA ni mbali. Kutoka Dar es Salaam hadi makao makuu hayo ya Mkoa wa Rukwa ni safari ya zaidi ya kilometa 1,100 kwa barabara, na msomaji wetu wa Unguja au Pemba hana budi kuvuka bahari kwanza kabla hajaanza kuzihesabu kilometa hizo. Huko juu, katika uwanda wa Ufipa, penye baridi ambayo mtu wa pwani haizoei upesi, wanaishi wakulima ambao kwa miaka mingi mahindi yao yamekuwa nguzo ya chakula cha Taifa. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu katika Mkoa wa Rukwa watu zaidi ya milioni 1.5. Zanzibar nzima, kwa sensa hiyo hiyo, ilikuwa na watu karibu milioni 1.9. Huo si mkoa wa kutajwa kwa kupitia tu.

Leo tunapenda kuzungumzia jambo moja ambalo linawapata wananchi wa mkoa huo na wananchi wa Visiwani sawasawa. Idara na taasisi za umma, kwa nia njema kabisa, hutengeneza video za mafunzo ya kilimo, afya, uvuvi na masomo ya shule, na kuziweka katika intaneti ili ziwafikie watu wote. Kazi hiyo hulipiwa kwa fedha za wananchi. Lakini mara nyingi mno mwananchi anapotaka kuitazama video hiyo, haifunguki. Katika kompyuta moja huonekana vizuri. Katika ya pili husikika sauti bila ya picha. Katika ya tatu picha huenda kwa kushtukashtuka kama mtu mwenye kwikwi. Na katika ya nne ni kisanduku cheusi tu, chenye kiduara kinachozunguka bila ya kufika popote.

Msomaji asidhani kwamba tunazungumzia anasa. Mwaka 2017 viwavijeshi vamizi, wadudu wenye asili ya Bara la Amerika ambao Afrika iliwaona kwa mara ya kwanza mwaka 2016, waliripotiwa nchini mwetu, na Rukwa ilikuwa miongoni mwa mikoa ya mwanzo kuwapata. Kiwavi huyo huingia katika moyo wa mhindi ukiwa bado mchanga, na akishajificha humo dawa humfikia kwa shida. Basi mkulima hana budi kumtambua mapema na kumtofautisha na viwavi wengine wa siku zote. Alama zake zinajulikana: kichwani ana mchoro mfano wa herufi Y iliyopinduliwa, na karibu na mkia ana madoa manne meusi yaliyopangika mraba. Sasa herufi iliyopinduliwa katika kichwa cha mdudu, redio itaielezaje? Hapo ndipo video inapokuwa na kazi ambayo chombo kingine hakiiwezi.

Tumfikirie, kwa mfano, bwana shamba wa kata moja upande wa Laela au Matai. Ameletewa habari kwamba video ya kumtambua mdudu huyo imekwisha kuwekwa katika tovuti. Kompyuta ya ofisini kwake ni ya siku nyingi. Inaendeshwa na Windows 7, ambayo kampuni ya Microsoft iliacha kuihudumia Januari 2020. Na kivinjari cha Chrome kilichomo humo hakijapata toleo jipya tangu mwanzoni mwa mwaka 2023, kwa kuwa Google nayo iliziacha mashine za namna hiyo. Wakulima wamekusanyika, wamemzunguka. Anabonyeza. Sauti inasema, tazameni hapa kichwani. Na hapana cha kutazama.

Wako watendaji ambao wakielezwa jambo hili hujibu kwa wepesi kwamba mwananchi anunue kompyuta mpya. Jibu hilo sisi tunalikataa. Mwenye ujumbe ndiye mwenye wajibu wa kuufikisha. Mwaka 1973, katika kampeni ya Mtu ni Afya, watu wapatao milioni mbili walikusanyika katika vikundi nchini kusikiliza redio na kusoma vijitabu juu ya malaria, kichocho, kuhara na maradhi mengine, kisha wakatoka kwenda kuchimba vyoo na kufyeka majani yaliyozunguka nyumba zao. Redio zile zilikuwa za kila namna. Ilikuwapo kubwa ya mwenye duka na ilikuwapo ndogo ya mkulima, iliyofungwa kwa mpira ili betri zisidondoke. Zote zilipokea maneno yale yale kwa saa ile ile. Hapana aliyeambiwa kwamba redio yake ni ya toleo la zamani. Na hakika lau kama mafundi wa siku hizo wangerusha matangazo yanayosikika katika redio za Dar es Salaam peke yake, wangeulizwa, na wangetakiwa kujibu.

Inafaa tueleze kidogo chanzo cha tatizo, maana wakubwa wengi wanaotia saini mikataba ya kutengeneza video hawakuelezwa, na asiyeelezwa hawezi kulaumiwa kwa kutokujua.

Picha ya video ni mzigo mkubwa kupita kiasi. Picha ya ukubwa uliozoeleka siku hizi, yenye nukta 1,920 kwa 1,080, ikiachwa kama kamera ilivyoinasa kwa fremu 25 kila sekunde, dakika moja yake hujaza zaidi ya gigabaiti 9. Mzigo huo haupitiki katika mitandao yetu. Kwa hiyo picha hukunjwa kwa hesabu: sehemu ambayo haikubadilika haiandikwi tena, husemwa tu kwamba imebaki kama ilivyokuwa. Hesabu hiyo ya kukunja upande mmoja na kukunjua upande wa pili ndiyo mafundi huiita kodeki. Kodeki ziko nyingi. H.264 ilitolewa mwaka 2003, H.265 na VP9 zikafuata mwaka 2013. Na AV1 ikatolewa mwaka 2018. Kila inayozaliwa nyuma hukunja vizuri zaidi kuliko iliyotangulia, lakini hudai mashine yenye nguvu zaidi ya kuikunjua. Sauti nayo ina kodeki zake. Picha na sauti zikishakunjwa hutiwa katika kasha moja, na jina la kasha ndilo tunaloliona mwishoni mwa jina la faili: MP4, WebM, AVI, MKV na mengineyo.

Hapo ndipo wengi wanapodanganyika. Jina la kasha halikuambii kilichomo ndani. Faili mbili zaweza kuitwa MP4, moja ikafunguka na ya pili ikakataa, kwa sababu katika moja mna H.264 na katika nyingine mna H.265. Ni kama makopo mawili ya aina moja dukani, moja lina samli na jingine mafuta ya taa. Fundi aliyeulizwa atatoa picha ya namna gani, akajibu "MP4", hajajibu swali.

Sasa zile dalili tulizozitaja mwanzo zinaeleweka. Sauti bila ya picha maana yake aghalabu ni kwamba mashine inaijua kodeki ya sauti na haiijui ile ya picha. Picha ya kushtukashtuka ni ya mashine inayoijua kodeki lakini haina chembe maalumu ya kuikunjua, hivyo kazi yote inauangukia ubongo wa kompyuta na kuuelemea. Na kiduara kinachozunguka, ingawa mara nyingi ni udhaifu wa mtandao, mara nyingine ni uzembe mdogo tu wa mtengenezaji. Kila faili ya MP4 ina faharasa inayoiambia mashine kila kipande kiko wapi. Programu nyingi za kuhariri huiandika faharasa hiyo mwishoni, na faili ikiwekwa hivyo katika tovuti mashine yaweza kulazimika kungoja karibu faili nzima iteremke kabla ya kuonyesha hata fremu moja. Kuihamisha faharasa ije mwanzo ni kazi ya sekunde chache, nayo haigharimu senti. Kitabu gani hicho ambacho msomaji lazima akimalize ndipo aruhusiwe kujua sura ya kwanza iko ukurasa gani?

Wazee wa Visiwani hawatayastaajabia mambo haya. Zanzibar ilikuwa na televisheni, tena ya rangi, mwanzoni mwa miaka ya 1970, zaidi ya miaka 20 kabla ya Tanzania Bara kuanza kuwa na vituo vyake mwaka 1994. Walioishi siku hizo wanakumbuka kwamba dunia ilikuwa imegawanyika katika mifumo mitatu. Sisi, Waingereza na nchi nyingi za Ghuba tulikuwa katika mfumo wa PAL. Wafaransa walikuwa na SECAM yao. Wamarekani walikuwa na NTSC. Kanda iliyoletwa na jamaa kutoka Muscat ilionyesha vizuri. Iliyoletwa na jamaa kutoka Marekani ilitiwa katika deki ikatoa mistari inayopanda na kushuka, na watoto waliokwisha kukaa mkekani wakainuka kwenda kulala. Kilichobadilika ni kwamba mifumo mitatu imekuwa mingi zaidi, na kwamba leo inayosubiriwa mkekani si sinema peke yake. Ni somo la hesabu, ni maelezo ya mkunga, ni dawa ya kiwavi.

Kwa nini mifumo ni mingi? Sababu kubwa ni fedha. Mbinu za kukunja picha zina hati miliki, na wenye hati hizo hudai malipo. H.264 ilikuwa na wenye nayo; H.265 ikaja na wenye madai wengi zaidi, wamejikusanya katika makundi mbalimbali, hata watengenezaji wengi wa vivinjari wakasita kuipokea. Kampuni kadhaa kubwa zilizochoshwa na malipo hayo ziliungana mwaka 2015 kutengeneza AV1 isiyotozwa ada. Hapo katikati, kiwango cha HTML5 kilichopitishwa Oktoba 2014 kilikubali kwamba kivinjari kionyeshe video chenyewe bila ya programu ya kuazima, lakini kikanyamaza juu ya kodeki ipi itumike, kwa sababu wakubwa hawakuafikiana. Fahali wawili wakipigana ziumiazo nyasi, na nyasi zenyewe ziko Ufipa na Micheweni.

Kabla ya hapo kulikuwa na Flash. Kwa miaka mingi video na masomo mengi ya kompyuta duniani yaliandikwa kwa mfumo huo mmoja, uliokuwa mali ya kampuni moja. Tarehe 31 Desemba 2020 kampuni ya Adobe iliacha kuuhudumia, na kuanzia tarehe 12 Januari 2021 ikauzuia usionyeshe kitu. Masomo yaliyokuwa yamehifadhiwa kwa Flash pekee yalifungwa siku hiyo kama mlango uliopotewa na ufunguo. Taasisi iliyokuwa na CD za masomo hayo kabatini ingali na CD, haina masomo. Vivyo hivyo kwa kanda: kampuni ya Funai ya Japani, iliyokuwa ya mwisho kutengeneza deki za VHS, ilisimamisha kazi hiyo Julai 2016, na kila mwaka unaopita deki nzima zinapungua. Tunalitaja hili kwa ajili ya wakuu wa hifadhi zetu za nyaraka na za utangazaji, ambao tunaamini wanatuelewa.

Sisi watu wa Unguja tunajua vizuri faida ya kuwa na kiwango kimoja. Mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 uliichagua lahaja yetu kuwa msingi wa Kiswahili Sanifu, na Kamati ya Lugha iliyoundwa mwaka 1930 ikaifanya kazi ya kuisanifu. Wako waliolalamika, hasa ndugu zetu wa Mombasa na Lamu, nao walikuwa na haki ya kulalamika, kwani lahaja zao zilikuwa na ushairi mkubwa. Lakini matokeo yake ni kwamba kitabu kilichopigwa chapa Dar es Salaam kinasomwa na mtoto wa Namanyere ambaye nyumbani anasema Kifipa, na hakuna anayehitaji kununua macho mapya ili akisome.

Je, kiwango cha video kipo? Kipo, na hakihitaji kuvumbuliwa. Video iliyokunjwa kwa H.264, sauti yake ikiwa ya AAC, zote katika kasha la MP4, hufunguka karibu katika kila kompyuta na kila simu janja iliyotengenezwa katika miaka zaidi ya 10 iliyopita, ikiwamo ile ya bwana shamba wetu wa Laela. Si kodeki mpya kuliko zote, wala si hodari kuliko zote. Ni ile inayojulikana na wengi. Anayetaka kuweka na AV1 kwa ajili ya wenye mashine mpya na aweke, kwani tovuti iliyoundwa sawasawa yaweza kubeba namna mbili na kuiacha kila mashine ichague inayoiweza. Lakini ile ya wengi isikosekane kamwe.

Ukubwa nao utazamwe. Video ya dakika 10 iliyokunjwa kwa kiasi cha kilobiti 5,000 kwa sekunde ina megabaiti 375. Video hiyo hiyo ikipunguzwa hadi picha ndogo ya kilobiti 500, na sauti ya kilobiti 64, inakuwa megabaiti 42 hivi. Mkulima wa bonde la Rukwa, chini ya ngazi ile kubwa ya milima wanayoiita Lyamba lya Mfipa, anayenunua bando kwa fedha ya kuuza debe la mahindi, anaijua tofauti ya 375 na 42 kuliko mhandisi yeyote. Katika picha ndogo kiwavi ataonekana bado, ikiwa mpiga picha alimsogelea. Asiposogelea, hata picha kubwa haitamsaidia mtu. Na maandishi yanayopita chini ya picha yaandikwe makubwa, maana video nyingi hufika vijijini kwa kutumiana katika WhatsApp, ambayo huzikunja tena kwa namna yake, na herufi ndogo hubaki kuwa uchafu mweupe.

Kisha iwepo njia ya kuipakua faili na kuitunza. Sumbawanga kwa miaka mingi ilitegemea umeme ulionunuliwa Zambia pamoja na majenereta, na si kila saa ambapo umeme na mtandao hukutana. Faili iliyopakuliwa mara moja mjini yaweza kupelekwa Kirando au Kasanga katika flashi, ikafunguliwa kwa VLC, programu ya bure iliyoanzishwa na wanafunzi wa Ufaransa mwaka 1996, ambayo hukunjua karibu kila kodeki ijulikanayo bila ya kuuliza intaneti. Wenye vitochi wafikiriwe pia. Baadhi ya vitochi huonyesha video za kasha dogo la 3GP, na visivyoonyesha kitu huweza japo kupiga sauti. Kwa nini basi kila video ya umma isiwe na faili ya sauti peke yake, ambayo redio ya mkoa nayo itaweza kuirusha?

Hatusemi mambo yasiyowezekana. Mradi wa Scientific Animations Without Borders, ulioanzia Chuo Kikuu cha Illinois huko Marekani, hutengeneza katuni fupi za kilimo na afya, na katuni moja hutiwa sauti za lugha nyingi, Kiswahili kikiwamo, kisha hutolewa katika faili nyepesi za kupitishana kwa simu. Shirika la Access Agriculture, lililoanzishwa mwaka 2012, huweka video za mafunzo kwa wakulima katika lugha nyingi, na mtu huweza kupakua ya kompyuta, au ndogo ya simu, au sauti pekee. Hapa kwetu Ubongo ya Dar es Salaam, ambayo katuni zake za kufundisha watoto zilianza kuonyeshwa mwaka 2014, haikukaa ikangoja kila mtoto awe na intaneti. Imetumia televisheni, redio na mtandao kwa pamoja. Hao wote walianza kwa kujiuliza mtazamaji wao ana chombo gani mkononi. Haiingii akilini kwamba mashirika hayo yaweze na idara za Serikali zishindwe.

Hadi hapa tumezungumza kana kwamba mafunzo yote yanatoka pwani na mijini kwenda bara. Hiyo ni kasumba, nasi tusiishiriki. Ufipa ina ya kufundisha. Wakulima wa huko wana desturi ya kulima kwa matuta ya mviringo, wakifukia majani ndani yake yaoze na kurutubisha udongo, kilimo ambacho wataalamu wa mboji wa leo wanakisifu kana kwamba wamekigundua wao. Na katika uwanda huo yangali magofu ya malungu, yale matanuru marefu ya udongo, marefu kupita kimo cha mtu, ambamo wahunzi wa Kifipa waliyeyusha mawe ya chuma kwa pepo za kujiendea zenyewe, bila ya kuvukuta. Chuma kilichotoka katika ilungu kilikuwa bado kichafu na hakikufaa kufuliwa jembe. Kilipelekwa katika tanuru la pili, dogo, liitwalo kintengwe, likavukutwa hadi takataka zikatoka, ndipo mhunzi akakipokea. Wahunzi hao hawakumpelekea mkulima chuma cha ilungu wakamwambia ajitafutie kintengwe chake.

Basi kijana wa Sumbawanga mwenye simu yake anaweza kuyapiga picha magofu hayo na matuta hayo, akamhoji mzee anayeyajua, akaituma kazi yake Unguja, na mwanafunzi wa Skuli ya Lumumba akajifunza. Lakini baadhi ya simu za bei kubwa, zikiwamo iPhone tangu mwaka 2017, huweza kunasa picha kwa H.265 bila ya kumwambia mwenyewe. Kijana anaona video yake nzuri, anaituma, na huku kwetu kompyuta ya maktaba inaonyesha weusi. Halmashauri na vyuo vinavyofundisha vijana kompyuta viwafundishe na hilo: kuichagua H.264 katika simu kabla ya kuanza, au kuikunja upya faili baadaye kwa programu za bure zilizopo. Ni somo la alasiri moja.

Sasa tunageukia wahusika. Sheria ya Serikali Mtandao ya mwaka 2019 iliiweka Mamlaka yenye wajibu wa kusimamia viwango vya mifumo ya taasisi za umma kwa upande wa Muungano, na Zanzibar nayo ina chombo chake cha kazi hiyo. Tunaviomba vyombo hivyo viwili vikae pamoja na kuandika ukurasa mmoja, usizidi, unaosema video ya umma itolewe katika kodeki ipi, ukubwa gani, faharasa iwe wapi, na faili zipi ziambatane nayo. Ukurasa huo uambatanishwe katika kila mkataba wa kutengeneza video, na mtengenezaji asilipwe malipo ya mwisho mpaka kazi yake ijaribiwe mbele ya mashahidi katika mashine nne: kompyuta mpya, kompyuta ya zamani, simu janja ya bei nafuu, na kitochi. Jaribio lenyewe lisifanywe katika ofisi ya mtengenezaji, ambako kila kitu hufunguka. Lifanywe Sumbawanga, na Namanyere, na kwa upande wetu Micheweni na Mkoani.

Tunajua kwamba ripoti nyingi za idara hupima mafanikio kwa idadi ya video zilizotolewa katika mwaka wa fedha. Wajumbe wa Baraza la Wawakilishi na waheshimiwa wabunge, mnapoletewa hesabu hizo, ulizeni pia ni ngapi zilizofunguka na wapi. Hatudhani swali hilo litapendwa, lakini ndilo swali ambalo mwenye kulipa kodi angeliuliza kama angekuwa amekaa katika viti vyenu. Vivyo hivyo makada wenzetu wa Chama katika matawi na mashina, mwananchi anapowaambia kwamba video ya Serikali imegoma, msimjibu kwamba simu yake ni mbovu. Andikeni jina la video, aina ya simu na alichokiona, mkakifikishe kwa afisa habari wa halmashauri. Taarifa tatu za namna hiyo zinamsaidia fundi kuliko malalamiko mia.

Mvua za Ufipa huanza kunyesha mwezi wa Novemba, na kiwavi hauchelewi mhindi ulioota. Video ya kumtambua ikitoka Januari imepitwa na wakati; ikitoka Oktoba na isifunguke Laela, imepitwa na wakati vile vile. Tunawaomba maafisa wa kilimo na wa habari, wa Bara na wa Zanzibar, wazifungue sasa zile zilizokwisha kutolewa, moja baada ya moja, katika kompyuta ya zamani kuliko zote iliyomo ofisini mwao, na zile zitakazogoma zikunjwe upya na kurudishwa katika tovuti kabla ya Oktoba.